Wavuvi Wanauliza: Besi Yuko Wapi Kabla Hajataga?

Barua nyingi tulizopokea tangu Januari zinahusu jambo moja, nalo ni uvuvi wa besi wa mdomo mpana (largemouth bass), samaki wa maji yasiyo na chumvi mwenye asili ya Amerika Kaskazini, katika wiki zinazotangulia kutaga kwake. Zaidi ya nusu zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Texas, na sababu yake si ngumu kuiona: kusini mwa Marekani wiki hizo huangukia Februari na mwanzo wa Machi, majike wakiwa wamejaa mayai na uzito wao umefika kilele cha mwaka. Tumechagua barua sita na kuzifupisha. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu yaliyosalia yote yanaliegemea.

SWALI: Ndugu Mjibu, salamu nyingi. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, nimekua nikivua sangara na sato, na sasa naishi Dallas. Mwezi uliopita mimi na shemeji yangu tulikodi boti tukaenda Lake Fork. Tulikuwa tumeambiwa kwamba besi hutaga kando kando ya ziwa, kwenye kina kifupi, basi tukashinda tunarusha chambo ufukweni na hakuna samaki aliyekula. Kifaa cha boti kilionyesha maji yana nyuzi 51 za Fahrenheit. Tulikosea wakati au mahali? (Msomaji, Dallas)

JIBU: Ndugu yangu, wakati mliokwenda haukuwa mbaya hata kidogo. Mlikosea mahali, na huenda mlikosea kwa mita hamsini au mia tu. Besi hutaga maji yakiwa kati ya nyuzi 60 na 70 hivi za Fahrenheit, yaani takribani 16 hadi 21 za Selsiasi, lakini safari ya kutoka kwenye maji ya kina alikopitishia majira ya baridi huanza mapema zaidi, maji yanapokaribia nyuzi 50 na mchana unapoanza kurefuka. Katika nyuzi 51 samaki mliowatafuta walikuwa wamekwisha kung'oa nanga, ila walikuwa hawajafika. Tena hawaendi moja kwa moja hadi mahali pa kutagia. Husonga kidogo kidogo wakifuata njia ambayo chini ya maji inaonekana wazi kama ukingo, na kila wanapokuta mteremko wa ghafla ulio karibu na kina kifupi husimama hapo, pengine kwa siku nyingi, wakila kwa pupa ili kuyalisha mayai yanayokomaa tumboni.

Ili kuiona njia hiyo inabidi kukumbuka kwamba Lake Fork ni bwawa. Lilijengwa juu ya kijito cha Lake Fork Creek, ambacho maji yake huishia katika mto Sabine, likaanza kujazwa mwaka 1980, na leo lina ukubwa wa ekari zipatazo 27,000. Vijito vyote vilivyokuwa vikitiririka kabla ya mwaka huo bado vina mifereji yake huko chini, pamoja na barabara za zamani, kuta za mabwawa madogo ya wafugaji na miti mingi iliyoachwa imesimama mpaka ikakauka. Chukueni ramani ya kina cha ziwa, mchague hori moja tu, yaani mkono mwembamba wa ziwa unaoingia nchi kavu, kwa mfano Little Caney au Birch Creek, kisha muufuate mfereji wa kijito kwa kidole kuanzia mlangoni pa hori kwenda ndani. Mlangoni mtaona rasi kubwa. Hapo ndipo samaki wa majira ya baridi hukaa. Mkiingia ndani mtaona rasi ndogo ndogo za pili na za tatu, na mahali fulani mfereji utapinda hadi ukaribie kugusana na ukingo, kisha uachane nao tena. Mwishoni kabisa patakuwa na uwanda wa futi mbili hadi tano wenye udongo mgumu, changarawe au mizizi ya mimea. Uwanda huo ndio chumba cha uzazi. Samaki wa nyuzi 51 hayuko chumbani wala hayuko tena mlangoni pa hori. Mtafuteni kwenye mpindo au rasi ya mwisho yenye kina kabla ya uwanda kuanza, mara nyingi kati ya futi sita na kumi na tano. Mkipata mahali ambapo rasi ya namna hiyo ina kisiki, rundo la mawe au ukingo wa magugu, msipapite haraka.

Jambo la pili ni upande wa ziwa. Katika kizio cha kaskazini jua la Februari hupita chini upande wa kusini, kwa hiyo ukingo ulio kaskazini mwa hori ndio unaotazamana nalo mchana kutwa, na ukingo huo huo hukingwa na ardhi dhidi ya upepo baridi unaoshuka kutoka kaskazini. Mahori ya upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi ya ziwa hupata joto mapema, na tofauti ya nyuzi tatu au nne kati ya hori moja na jingine katika alasiri ileile ni ya kawaida. Kwa samaki ambaye mwili wake unafuata joto la maji, hiyo ni tofauti kubwa. Ndiyo maana ziwa moja huwa na besi wanaotaga, wanaosubiri na ambao hawajaondoka kwenye kina, wote katika wiki moja, na kalenda ya kusema "besi hutaga tarehe fulani" haimsaidii mtu.

Hata hivyo, msikiamini kupita kiasi kipimajoto cha boti. Kitambuzi chake kiko juu, na siku ya jua isiyo na upepo kinapima tabaka jembamba la maji ambalo samaki hayumo. Mimi hupima asubuhi kabla jua halijapanda, kisha hufunga kipimajoto cha kawaida kwenye mshipi wenye chubwi na kukiteremsha hadi kina ninachotaka kuvua, nikakiacha kwa dakika mbili tatu. Mkiona asubuhi tatu mfululizo maji ya futi sita hayajashuka, na usiku hewa haijawa baridi sana, hapo samaki wanapanda. Joto la alasiri moja halitoshi kuwasogeza.

Msidanganyike pia mkianza kupata madume madogo kwenye kina kifupi. Dume ndiye anayetangulia, kwa kuwa ndiye anayesafisha kiota kwa mkia na ndiye atakayebaki kulinda mayai. Jike, ambaye kwa besi ndiye mkubwa, hukawia nyuma kwenye maji ya kina hadi siku zake zitimie. Ukipata dume la pauni mbili kwenye futi tatu, geuza boti urushe upande wa pili, kuelekea kwenye kina.

SWALI: Kaka Mjibu, naomba unieleze siri ya rangi nyekundu. Nimekuta kila duka la vifaa vya uvuvi hapa kwetu mwezi wa pili limejaza vyambo vyekundu, na jirani yangu Mmarekani anasema asipokuwa nacho hatoki nyumbani. Navua katika ziwa la Sam Rayburn. Je, samaki anaijua rangi kweli, au ni biashara? (Msomaji, Houston)

JIBU: Ni yote mawili, kaka. Biashara ipo, lakini chanzo chake ni kamba wadogo wa ziwani wenye magando, ambao wakati wa baridi kali hujificha matopeni na katika mashimo ya mawe, na maji yanapopata joto huanza kutoka. Katika majira haya wengi wao huwa na rangi inayoelekea kwenye wekundu wa kutu, na besi aliyekaa na njaa huwala kwa wingi. Chambo chekundu kinachopita karibu na chini, basi, kinafanana na mlo wa msimu. Kwamba besi anaitambua rangi nyekundu ni jambo lililothibitika. Macho yake yanaibagua vizuri, ingawa katika maji ya matope au kina kirefu wekundu hufifia ukawa kivuli tu.

Kwa maoni yangu jirani yako amepatia chambo, ila huenda anaisifu rangi mahali ambapo angeusifu mwendo. Kile chambo bapa kisicho na ulimi mbele, chenye gololi tumboni zinazogongana, kinafanya kazi Sam Rayburn kwa sababu ziwa hilo lina magugu ya hidrila, na mwezi wa Februari magugu hayo huwa mafupi, yamebaki futi moja au mbili kutoka chini. Rusha, acha chambo kizame hadi kiguse ncha za magugu, kisha kivute polepole. Utahisi mkononi kama mtu anayechana nywele zilizosokotana. Kikinasa, usivute kwa pupa. Kaza mshipi, kisha pandisha ufito kwa mkupuo mmoja mfupi ili kichomoke ghafla na kuanguka tena. Samaki hula katika ule mwanguko, na mara nyingi hutahisi mgongano wowote: unapojaribu kuvuta tena unakuta uzito umekwisha kukaa. Rangi nyekundu ikitumiwa na mtu anayevuta moja kwa moja juu ya magugu, futi nne kutoka yaliko, haimfikishi popote.

Maji yakiwa chini ya nyuzi 50 na yakiwa safi, nakushauri uache chambo cha gololi utumie kile chembamba chenye umbo la dagaa, ambacho ukikisimamisha hakizami wala hakiibuki. Kivute kwa mikupuo miwili mifupi, kisha kiache kimesimama. Hesabu hadi kumi, na baridi ikiwa kali hesabu hadi ishirini. Mvuvi anayetoka kwenye uvuvi wa sangara wa kuburuta chambo nyuma ya boti huona utulivu huo kama upotevu wa muda, lakini katika baridi hiyo tumbo la besi husaga chakula polepole na hafukuzi kitu kinachokimbia. Utazame mshipi pale unapoingia majini. Ukisogea pembeni kidogo au ukilegea bila sababu, kaza.

SWALI: Mpendwa Mjibu, Jumamosi ya juzi kulikuwa na joto, tukavua besi wazuri kwenye rasi ulizozoea kuzisifu. Jumapili usiku upepo ukageuka, Jumatatu kukawa na anga la buluu na baridi ya kukata mifupa, na pale pale hatukupata kitu. Walikwenda wapi? (Msomaji, Fort Worth)

JIBU: Hawakwenda mbali. Wimbi la baridi likipita, hewa huwa nzito, mawingu hutoweka na mwanga hupenya hadi chini. Besi aliyekuwa akizurura juu ya rasi hushuka kwenye mteremko ulio karibu au hujibana kwenye kitu, iwe shina la mti au kichaka cha magugu, na duara analokubali kula ndani yake hupungua hadi likawa la kiasi cha ndoo. Baki kwenye rasi ile ile, sogea kwenye upande wenye kina, weka chambo cha gololi kando na utumie jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi iliyovishwa nyuzi za mpira, au mnyoo wa plastiki wenye chubwi. Kishushe kando ya kila shina na ukiache kikae. Kisha ukirushe tena pale pale. Siku ya pili au ya tatu, hasa alasiri, mambo huanza kurudi, na ikiwa ratiba ya kazi inakuruhusu kuchagua, chagua siku ya mwisho kabla ya wimbi la baridi kufika, wakati upepo bado unatoka kusini na mawingu yanajikusanya.

SWALI: Shikamoo Mjibu. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkongomani ninayeishi Tyler. Hatuna boti na hatutarajii kuwa nayo. Kila makala ninayosoma inaanza na boti. Je, mtu wa nchi kavu ana nafasi katika majira haya? (Msomaji, Tyler)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Una nafasi, tena katika mwaka mzima hakuna wakati ambao mtu wa nchi kavu ana nafasi nzuri kuliko huu, kwa sababu samaki ndio wanaokufuata wewe. Julai besi wakubwa wako mbali na ufuko. Februari na Machi njia zao zote zinaelekea upande wako.

Tafuta mahali ambapo barabara inakatiza hori juu ya daraja. Lake Fork ipo mifano mizuri, kwa mfano barabara kuu ya 154, ila zingatia vibao vya kuruhusu au kukataza kuegesha gari. Chini ya madaraja ya namna hiyo kuna tuta la mawe makubwa yaliyomwagwa kuzuia mmomonyoko, na hori linabanwa hadi samaki wote wanaopanda wapite katika mlango mwembamba. Mawe hunyonya joto la jua na kulitoa polepole, kamba hujificha humo, na kina huanza hatua chache tu kutoka unaposimama. Usirushe kuelekea katikati ya ziwa kama watu wengi wanavyofanya. Simama juu ya mawe na urushe sambamba na tuta, ili chambo chako kipite muda wote katika futi nne hadi nane, kikigonga jiwe hapa na pale. Ukimaliza pembe moja, sogea hatua kumi. Siku yenye upepo wa kusini wa siku mbili tatu mfululizo, chagua ufuko ambao upepo unapiga, kwa kuwa maji ya juu yenye joto yamesukumwa huko pamoja na vidagaa.

Vifaa si vingi: ufito mmoja wa futi saba hivi, mshipi wa pauni kumi na mbili hadi kumi na tano, koleo la kutolea ndoana, na kwa watoto jaketi okozi hata kama mko juu ya mawe, maana mawe yenye ukungu huteleza na maji ya Februari humnyima mtu nguvu za kuogelea katika dakika chache. Leseni utaihitaji wewe. Watoto walio chini ya miaka 17 hawaihitaji Texas. Kumbuka pia kwamba leseni nyingi huko huisha Agosti 31, kwa hiyo angalia tarehe ya leseni yako kabla ya kwenda.

SWALI: Mwanangu Mjibu, nina umri wa miaka sabini na kitu, na kwetu samaki mwenye mayai ndiye mtamu. Mjukuu wangu alivua besi mkubwa Lake Fork, akampiga picha, akamrudisha majini mbele ya macho yangu. Nikamuuliza kama ameingiwa na wazimu. Akasema ni sheria. Je, ni kweli, au ananidanganya? (Mzee, Arlington)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu hakukudanganya, ingawa jibu kamili linategemea urefu wa samaki mwenyewe. Lake Fork ina utaratibu wake: besi wa mdomo mpana mwenye urefu kati ya inchi 16 na 24 lazima arudishwe majini papo hapo. Mfupi kuliko inchi 16 unaruhusiwa kumchukua. Jumla kwa siku ni besi watano, na kati yao mmoja tu ndiye anayeweza kufika au kuzidi inchi 24. Maana yake ni kwamba wanaolindwa hasa ni samaki wa makamo, ambao ndio wazazi wengi na ndio watakaokuwa majitu ya kesho. Maziwa mengine ya Texas yana vipimo vingine, na majimbo ya kaskazini mengine hufunga kabisa kuchukua besi katika majira ya kutaga, hivyo kitabu cha sheria cha mwaka husika kisomwe kabla ya safari. Kama hamu yako ni samaki wa kula, mwambie mjukuu akuletee hao wafupi wa chini ya inchi 16. Nyama yao ni laini kuliko ya wakubwa, nami siamini kwamba kuna dhambi yoyote katika kuwala.

Kwa nini Lake Fork inatunzwa hivyo? Kabla bwawa halijajaa, idara ya wanyama na samaki ya Texas ilikuwa imepandikiza humo besi wa ukoo wa Florida, ambao hukua wakawa wakubwa kuliko wa kienyeji. Novemba 1986 alivuliwa hapo jike wa pauni 17.67 aliyepewa jina la Ethel, naye akawa samaki wa kwanza wa mpango unaoitwa ShareLunker: mvuvi akipata besi wa pauni 13 au zaidi kati ya Januari 1 na Machi 31, anaweza kuwakopesha wataalamu, wanampeleka kwenye kituo cha uzalishaji kilichopo Athens, mji ulio mashariki mwa Texas, anataga huko, kisha anarudishwa ziwani na vifaranga vyake vinagawanywa kwenye maziwa ya jimbo. Tarehe hizo hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ndizo wiki tunazozizungumza katika safu hii. Hata rekodi ya Texas ni ya majira haya: Januari 24, 1992, Barry St. Clair alikuwa Lake Fork akivua krapi, samaki mdogo wa kitoweo, kwa chambo cha kidagaa hai, akamwinua besi wa pauni 18.18, sawa na kilo nane na robo. Katikati ya baridi jike huyo alikuwa tayari na uzito ambao hakuna aliyeufikia tena katika jimbo hilo.

Kwa hiyo, mzee wangu, mjukuu akipata samaki mkubwa umsaidie kumrudisha vizuri. Mikono ilowanishwe kwanza ili isiondoe utelezi unaomkinga na magonjwa. Jike mzito asining'inizwe kwa taya tu, maana uzito wa mayai huweza kulijeruhi. Mkono mmoja ushike mdomo, wa pili ubebe tumbo. Picha iandaliwe samaki akiwa bado ndani ya wavu majini, na atoke nje kwa muda ambao wewe mwenyewe ungeweza kubana pumzi bila taabu.

SWALI: Bwana Mjibu, mimi huvua ziwa Naivasha, na huku kwetu pia tuna besi. Nimesoma mengi kuhusu Februari na Machi, lakini nikiyajaribu hapa sioni tofauti yoyote ya miezi. Je, besi wetu hawatagi? (Msomaji, Naivasha)

JIBU: Wanataga, kaka, tena karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu huoni tofauti. Besi waliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa starehe, wakajikuta katika ziwa ambalo liko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890, ambako mchana haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kumshtua samaki na joto la maji hubaki muda mwingi katika kiwango kinachomfaa kutaga. Kwa hiyo hakuna kundi kubwa linalosafiri pamoja. Kila jike ana majira yake, na siku yoyote ile ziwa lina samaki wachache wanaojiandaa, wachache walio viotani na wengi wasiohusika. Ule msukumo wa Texas, ambapo baridi ya miezi mitatu huwakusanya wote kwenye mlango mmoja, huku haupo, na kalenda yao haikufai.

Ramani, hata hivyo, inakufaa. Jike anayejiandaa kutaga anahitaji mambo yale yale: chini pagumu, kina kifupi, na maji ya kina yaliyo karibu. Huko kwenu upande wa kisiwa cha Crescent, ambako kuna kasoko la zamani na ndiko kina kikubwa kuliko kote ziwani, miteremko iko karibu na ukingo, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia. Jambo lililochukua nafasi ya joto ni uangavu wa maji. Besi huwinda kwa macho, na mto Malewa, ambao ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji ya ziwa, huleta udongo mvua zikiwa nyingi. Karpi nao, walioonekana ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kwa miaka mingi wakawa wengi katika nyavu, huchimbua tope wakitafuta chakula. Besi amepungua sana tangu wakati huo. Tafuta basi ukingo wa mafunjo ulio mbali na mlango wa Malewa, mahali unapoweza kuiona ncha ya kasia lako likiwa limezama futi tatu, na kama maji yaliyopanda yameifunika migunga iliyokuwa nchi kavu, vua kando ya mashina yake ya nje, upande unaotazama kina.

Chambo chekundu kitumie bila wasiwasi. Kamba wekundu wa Louisiana waliletwa Naivasha mwaka 1970, na kwa miaka mingi wamekuwa chakula kikuu cha besi wakubwa wa ziwa hilo. Vua asubuhi, kwa kuwa upepo wa alasiri hapo huvimbisha mawimbi ambayo mashua ndogo haiyawezi. Mafunjo yenye njia pana iliyolalia majini uyaache kabisa, hata kama samaki wanaruka mbele ya macho yako, kwa sababu hiyo ni njia ya viboko, na wao hurudi majini alfajiri, wakati ule ule utakaokuwa ukishusha mashua.